Sukhdi ngumu kama jiwe: sukari guru ya pishi hili haichemshwi

Swali la msomaji: Shikamoo mama. Naishi Morogoro. Jirani yangu Mgujarati amehama, na kabla hajaondoka aliniletea sahani ya vitamutamu vya unga wa ngano na sukari guru, mwenyewe anaviita sukhdi. Nilipomwomba anifundishe akanitajia vitu vitatu tu: unga, samli na guru. Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza zilikuwa ngumu kama jiwe, mara ya pili zilikuwa na ladha ya unga mbichi, mara ya tatu zikamung'unyika zote tukazila kwa kijiko. Unga niliotumia ni ule mweupe wa maandazi. Guru niliichemsha kwanza na maji, kama shira ya kaimati. Nakosea wapi? Na kuna vitamutamu vingine vya Kihindi vya ngano ninavyoweza kupika nyumbani? Mama mkwe wangu ana kisukari, watu wanasema guru haimdhuru. Na mwanangu anasoma Dodoma, nataka kumtumia kwa basi.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Jirani yako hakukuficha kitu. Vitu ni hivyo vitatu, na kwa Wagujarati wengi huishia hapo, labda na iliki kidogo. Ambacho hakukuambia ni kile ambacho mikono yake inakifanya bila yeye kufikiri, kwa sababu alikiona kwa mama yake tangu utotoni: sukari guru ya sukhdi haichemshwi. Haitiwi tone la maji. Inakunwa ikiwa kavu, na inaingia kwenye unga uliokwisha kukaangwa, sufuria ikiwa imeshaipuliwa.

Hapo ndipo mawe yako yalipotoka. Shira ikichemka maji yanapungua, na kadiri yanavyopungua ndivyo moto wake unavyopanda. Ikifika nyuzi 112 hadi 116 za Selsiasi, tone lake kwenye maji baridi linakuwa laini, unalibinya kwa vidole kama udongo wa mfinyanzi. Ikipita 120 tone linakaza. Ikikaribia 150, tone likipoa linakatika kwa mlio kama kioo, na hiyo ndiyo sukari ya kashata. Wewe ulichemsha guru, ukaimwaga kwenye unga na samli zenye moto mkali, nayo ikaendelea kupanda humo humo. Ulipika kashata ya unga. Guru inayoyeyuka kwa joto la unga peke yake haifiki huko. Inalainika, inazishika chembe za unga, na ikipoa inaganda kwa ulaini ule ulioupata kwenye sahani ya jirani.

Nilijifunza pishi hili Kisutu, Dar es Salaam, kwa mama mmoja wa Kigujarati ambaye watoto wote wa ghorofa lile, Wahindi kwa Waswahili, tulimwita Ba. Alikuwa hana mizani wala saa jikoni. Alikuwa na kawaida moja ambayo leo nawafundisha wanafunzi wangu wote: anaipua sufuria, anaiweka chini juu ya kata, kisha anadondosha kipande kimoja cha guru, kidogo kama punje ya mahindi. Kipande kikitoa povu na kuchachatika, anangoja. Kikikaa kizima kama kokoto, amechelewa. Anataka akione kinalegea taratibu, kama samli inavyolegea juu ya chapati iliyotoka kuokwa. Hapo ndipo anamimina guru yote na kukoroga haraka haraka.

Kama unapikia mkaa, zingatia hili maradufu. Gesi ukizima imezimika, lakini jiko la mkaa linaendelea kukupikia hata ukiwa umekwisha kuridhika. Sufuria iondoke jikoni kabisa, na kama ni nzito, chota unga uhamishie kwenye bakuli la bati ambalo halina moto.

Sasa unga. Najua unga wa maandazi ndio uliokuwa nao, lakini hauwezi kukupa sukhdi. Unajua tofauti ya dona na sembe? Basi ngano nayo iko hivyo hivyo. Punje ya ngano ina sehemu tatu: ganda ambalo ni kama asilimia 14 ya uzito wake, kiini cha kuotea ambacho ni asilimia 2 au 3, na wanga wa katikati unaochukua sehemu yote iliyobaki. Unga mweupe ni huo wanga wa katikati peke yake. Ukiukaanga kwa samli unakuwa laini mno, unaganda kwenye kaakaa la mdomo, na hauna harufu ya kueleza. Harufu ya sukhdi, ile inayomtoa mtu ghorofa ya tatu kuuliza kunapikwa nini, inatoka kwenye ganda na kiini. Wahindi wanauita unga huo atta, na katika maduka mengi ya miji yetu utaukuta kwa jina hilo hilo, unga wa atta. Usiamini jina peke yake. Chota kidogo uusugue kati ya vidole: uone vidoadoa vya hudhurungi, na uhisi chembechembe kama za mchanga mwembamba sana.

Ukishindwa kuupata, nunua ngano nzima, ichague, ioshe haraka, ianike hadi ikauke kabisa, upeleke mashine ya kusaga. Mwambie msagaji asiikoboe. Mwombe pia apitishe kwanza kilo moja ya ngano ya kusafishia mashine, la sivyo utarudi nyumbani na dona yenye ngano ndani yake. Na usisage mwingi. Kiini cha ngano kina mafuta, na mafuta hayo yanachacha. Unga wa atta uliokaa miezi kwenye joto unakuwa na uchungu mwepesi ambao chapati inaweza kuuficha, lakini kitamutamu hakiufichi. Weka kwenye chombo kinachofunga vizuri, ndani ya jokofu ukiweza, na uunuse kila kabla ya kupika.

Samli nayo ina maneno yake. Kuna samli ya ng'ombe na kuna mafuta ya mimea yaliyogandishwa yanayouzwa kwa jina la samli. Ya pili inayeyuka kwa joto kubwa zaidi kuliko la mdomo, ndiyo maana ukila kitu kilichopikwa nayo kinakuachia utando kwenye ulimi. Kwa maandazi sawa, kwa sukhdi hapana. Kama samli ya ng'ombe ni ghali mno huko kwenu, nunua nusu kilo ya siagi isiyo na chumvi uitengeneze mwenyewe: moto mdogo, sufuria wazi, dakika 20 hadi 25. Itatoa povu, itatulia, kisha vile vichenga vyeupe vya maziwa vitazama chini na kuwa rangi ya dhahabu. Chuja kwa kitambaa hapo hapo, kabla havijaungua. Utapata kama gramu 400, kwa sababu siagi karibu sehemu ya tano yake ni maji na maziwa.

Vipimo ninavyovitumia ni gramu 250 za unga wa atta, gramu 200 za samli na gramu 200 za guru iliyokunwa. Kama huna mizani, kwa kikombe cha mililita 250 ni vikombe viwili vya unga, kikombe kimoja cha samli kasoro vijiko viwili vya chakula, na kikombe kimoja na robo cha guru bila kushindilia. Iliki punje sita au saba, zilizomenywa na kutwangwa. Kuna watu wataona samli ni nyingi. Ukipunguza kufikia gramu 170 bado itashika, lakini chini ya hapo ndipo zinapomung'unyika kama zile zako za tatu.

Andaa kila kitu kabla ya kuwasha moto. Sinia ndogo ya upana wa sentimita 20 ipake samli. Guru ikune, isiwe na mabonge, kwa sababu bonge halitapata muda wa kuyeyuka. Kisha yeyusha samli kwenye karai au sufuria nene, mimina unga wote, na uanze kukoroga kwa mwiko wa mbao, moto mdogo.

Hapa nakuomba subira, maana ladha ile ya unga mbichi ya mara ya pili ilitokana na haraka. Mwanzoni mchanganyiko ni mzito, umeshikana kama ugali uliopoa, na unanuka unga tu. Baada ya dakika tano hivi unaanza kulegea. Unga wa kawaida una unyevu wa asilimia 12 hadi 14, na unyevu huo ndio unaotoka sasa. Karibu na dakika ya nane au kumi mchanganyiko unakuwa mwepesi mkononi, mwiko unapita bila kazi, na samli inaonekana kama inarudi juu yenyewe. Harufu ya karanga zinazokaangwa inaanza. Wengi wanaishia hapo, na ndipo wanapokosea, maana harufu inawahi kuliko kuiva. Endelea dakika tatu au nne zaidi, bila kuacha kukoroga hata mara moja, mpaka rangi ifanane na ya karanga iliyokaangwa ikamenywa. Kwa jumla ni dakika 12 hadi 15. Onja kidogo kwenye ncha ya kijiko, kikiwa kimepoa: ukihisi bado inakushika meno kama unga wa uji usioiva, rudisha.

Ipua. Fanya jaribio la Ba la kipande kimoja. Tia guru na iliki, koroga kwa nguvu nusu dakika hadi usione tena mstari wa guru, mimina kwenye sinia, na uikandamize kwa kitako cha bakuli dogo kilichopakwa samli. Usiibembeleze. Kukandamiza ndiko kunakoishikanisha. Ikae dakika tano, kisha chora mistari ya kukata kwa kisu ikiwa bado ina uvuguvugu, minne kwa minne, upate vipande 25. Ukingoja ipoe kabisa ndipo ukate, itapasuka inavyotaka yenyewe.

Na kama itaharibika tena, usitupe. Iliyomung'unyika irudishe kwenye moto mdogo sana na vijiko viwili vya samli, ikipata joto ikandamize upya. Ngumu itwange kinuni, ichanganye na samli ya vuguvugu uifinyange kuwa ladu. Iliyobaki na ubichi itie maji ya moto uigeuze halua, ichemke dakika kumi huku ukikoroga, na ule ubichi utakwisha.

Kuhusu guru yenyewe una bahati ya kukaa mkoa wa miwa. Chagua ile inayokwaruzika kwa ukucha, ya rangi ya asali hadi kahawia, isiyo na chumvichumvi ukiionja. Ile nyeusi iliyolowa inateleza na kufanya sukhdi ivute kama gundi. Guru yetu mara nyingi ina nyuzi za miwa na mchanga, na kwenye sukhdi hakuna pa kuchujia kwa kuwa hakuna maji. Kwa hiyo bonge safi kabisa liwe la sukhdi, na lenye takataka liwe la mapishi ya maji, ambalo unaliyeyusha na kulichuja kwa kitambaa. Hata jina tulilichukua huko: Kihindi ni gur, na Wagujarati wanasema gor au gol, ndiyo maana sukhdi kwa jina lake la pili ni gol papdi. Ladu pia ni neno la huko huko, ingawa pwani yetu tumelitia tangawizi na pilipili manga tukalifanya la kwetu.

Nyumbani kwake Gujarat, sukhdi si kitafunio cha chai peke yake. Katika mji mdogo wa Mahudi kuna hekalu la Wajaini la Ghantakarna Mahavir, na sadaka ya hapo ni sukhdi. Desturi ni kwamba inaliwa ndani ya uwanja wa hekalu, hakuna anayetoka nayo hata kipande. Watu wanaketi na familia zao wanaimaliza, na ikibaki wanawapa wengine waliokuwepo. Napenda kuwaeleza wanafunzi habari hii, kwa sababu wanaacha kuidharau kwa uchache wa vitu vyake.

Umeuliza vingine. Nitakupa vile ambavyo mkono wako utaviweza baada ya sukhdi, kwa sababu vyote vinaanza na unga kukutana na samli.

Cha kwanza jaribu halua ya atta. Kwa Masingasinga inaitwa karah prasad, nayo inagawiwa katika kila hekalu lao. Kipimo chake ni cha haki: unga, samli na sukari vyote sawa, na maji mara mbili au tatu ya kipimo kimoja. Kama umewahi kupita barabara ya Nairobi na Mombasa, pale Makindu kuna hekalu lao lililojengwa mwaka 1926 na waliofanya kazi kwenye reli, ambapo msafiri wa dini yoyote anakaribishwa chakula bila malipo. Halua hiyo unaipokea kwa mikono miwili iliyoungana, na vidole vinabaki vinang'aa samli. Nyumbani: kaanga unga kama wa sukhdi, lakini hapa nenda hadi rangi ya kahawia iliyokolea. Chemsha maji na sukari pembeni, yawe ya moto kabisa, uyamimine kidogo kidogo. Yataruka na kutoa mvuke mkali, kwa hiyo shika mwiko mrefu na watoto wakae mbali. Koroga hadi halua ijikusanye na kuachana na sufuria, na samli ianze kuchuruzika pembeni. Maji baridi yanafanya mabonge, na hayo hayatoki.

Lapsi ni ya Gujarat na Rajasthan, inapikwa harusini, mtu akihamia nyumba mpya, mwaka mpya wao baada ya Diwali. Hii si unga, ni ngano iliyopaazwa, chenga kama za mchele uliovunjika. Wewe unayeijua ngano ya bokoboko hutapata taabu. Kikombe kimoja cha ngano, theluthi ya kikombe cha samli, kaanga hadi iwe nyekundu, tia vikombe vitatu vya maji ya moto, funika, moto mdogo. Ngano ikishaiva kabisa, ukiibinya inapondeka, ndipo utie robo tatu ya kikombe cha guru. Ukiitia mapema ngano itagoma, kama maharage yanavyogoma ukiyawahisha nyanya. Na usijaribu kuipika kwa maziwa: guru nyingi ina ukali kidogo na maziwa yanakatika.

Churma ladu inataka siku nzima ya nafasi, lakini ukiipika mara moja utaipenda kuliko zote. Wagujarati wanaipika hasa sikukuu ya Ganesh, na Rajasthan churma inaliwa pamoja na dali na mikate ya duara inayoitwa bati. Unga wake uwe wa chenga, uliosagwa mara moja tu. Nusu kilo ya unga utie vijiko sita vya samli ya moto, usugue hadi ukifumbata ushikane, kisha maji ya uvuguvugu kidogo sana upate kinyunya kigumu. Fumbata matonge yenye alama za vidole, yakaange kwenye mafuta kwa moto mdogo mpaka ndani yaive. Moto ukiwa mkali nje kutakuwa kahawia na ndani mbichi, na ubichi ule ukiutwanga unaharibu ladu zote. Yavunje yakiwa vuguvugu, twanga, chekecha. Pasha samli robo kilo na guru robo kilo mpaka guru iyeyuke tu, isichemke, mimina juu ya churma pamoja na iliki na kungumanga, na ufinyange. Wenyewe wanaviringisha juu ya mbegu za khaskhas. Mimi natumia ufuta.

Kama unataka ladu nyepesi isiyokaangwa kwa mafuta, kaanga unga wa atta kwa samli, uache upoe hadi uvuguvugu, uchanganye na sukari iliyosagwa. Sukari ikiingia wakati unga ni wa moto inayeyuka, na ladu zinakuwa uji. Zikikataa kushikana, kijiko kimoja cha samli ya moto kinatosha.

Wapunjabi wana panjiri, chakula cha mzazi. Sisi pwani tunampa mzazi uji wa pilipili manga. Wao wanakaanga unga wa atta kwa samli, wanatia lozi, tangawizi kavu, na gundi ya kuliwa ya miti jamii ya mgunga, ambayo ukiitupa kwenye samli ya moto inafura kama bisi. Inaliwa kwa kijiko, ikiwa chembechembe vile vile, na maziwa ya moto. Ukitaka kumpikia mtu, gundi iwe ya dukani kwa wauza viungo, si ya kuokota mtini.

Na Bihar wana thekua, wanayoipika kwa ajili ya Chhath, sikukuu ya kumshukuru jua siku ya sita baada ya Diwali. Ni kinyunya kigumu cha atta, guru iliyoyeyushwa kwa maji machache, samli, shamari na nazi kavu, kinachokandamizwa kwenye kibao cha mbao chenye nakshi kisha kukaangwa. Hapa guru inakutana na maji, ndiyo, lakini inayeyushwa tu na kupozwa. Samli ikizidi inasambaratika kwenye mafuta, maji yakizidi inakuwa kama mfupa.

Sasa mama mkwe. Hapa sitakuficha, kwa kuwa afya yake ni muhimu kuliko pishi langu. Waliokwambia guru haimdhuru mwenye kisukari wamekosea. Sukari guru ni sukari. Sehemu yake kubwa ni sukari ile ile ya miwa, na inapandisha sukari ya damu vile vile. Ina madini kidogo, lakini huli guru kwa wingi wa kupata madini. Kila kipande cha sinia uliyoikata 25 kina gramu 8 za guru, yaani vijiko viwili vya chai, na kalori zipatazo 135 pamoja na samli na unga. Ngano nzima inapunguza kasi kidogo, haifuti. Kama kliniki yake inamruhusu kitamutamu, basi ale nusu kipande, baada ya chakula, na wala si pamoja na chai ya sukari. Kama haimruhusu, asile, na wala usimlazimishe kwa kumwambia ni ya guru. Kabla hujatia guru, chota vijiko vichache vya unga uliokaangwa, changanya na lozi na iliki, uweke kando. Bado ni ngano na samli, kwa hiyo kidogo kidogo, lakini hakuna sukari iliyoongezwa, na harufu ndiyo ile ile atakayoisikia jikoni.

Mwanao wa Dodoma mtumie sukhdi, au ladu kavu. Halua na lapsi zina maji, zitachacha njiani kwa joto la basi. Sukhdi haina maji, ndiyo maana wenyewe wanaibeba safarini tangu zamani, na kwenye chombo kikavu inakaa wiki mbili bila taabu. Iache usiku mzima ipoe. Ukiifunga ikiwa na uvuguvugu, mvuke utatua chini ya kifuniko na vipande vya juu vitaota ukungu kabla ya wiki kwisha. Panga kwenye kopo la bati, si mfuko wa plastiki, kila safu itenganishwe na karatasi ya kuokea, na nafasi inayobaki juu ijaze karatasi iliyokunjwa, zisigongane. Mwambie achote kwa mkono mkavu na afunike kila mara. Na kopo lenyewe alirudishe likizo, utalihitaji tena.